Jirani Ni Nani? Maneno Juu ya Kugawanya Ardhi ya Mji

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), twasema: limeletwa mbele ya darsa yetu suala ambalo kwa dhahiri ni la wapimaji na maofisa wa ardhi, lakini kwa hakika yake ni suala la dini na tabia njema. Nalo ni hili: Je, Serikali, au baraza la mji, au watu wa mtaa, wana haki gani ya kumwambia mtu aliyenunua kiwanja kwa fedha yake ya halali kwamba hapa utajenga nyumba ya kukaa wala hutajenga kiwanda, na pale utafungua duka wala hutaweka ghala ya mafuta? Na ikiwa haki hiyo ipo, yatumiwa kwa maslaha ya nani?

Wako wanaojibu kwa upesi: "Mali ni yangu, nitafanya nitakavyo." Na wako wanaojibu kwa upesi kama huo: "Ramani imekwisha pitishwa, hapana maneno tena." Sisi twaona majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro yao ni moja. Huyu wa kwanza amejitazama nafsi yake, na yule wa pili ameitazama karatasi, na wote wawili hawakumtazama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo twataka kulirudisha suala hili kwenye suala jingine lililo dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: jirani ni nani?

Hatukatai kwamba mali ina hishima yake. Mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi ya mtu kwa dhulma ameahidiwa adhabu kali siku ya Kiyama, na khabari hiyo ni sahihi. Lakini ardhi si kama joho au saa ya mkononi. Joho lako ukilikata au ukilitia rangi, khasara ni yako peke yako. Ardhi imeshikana na ardhi. Moshi hausomi hati ya kumiliki, maji machafu hayasimami penye jiwe la mpaka, na kishindo cha mashine hakiombi ruhusa ya kuingia chumba cha mgonjwa. Mwenye kununua kiwanja amenunua udongo ule uliopimwa. Hakununua hewa ya watu wa mtaa mzima wala usingizi wao.

Wala asidhani mtu kwamba kuupanga mji ni jambo tuliloletewa na Wazungu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alilitenga soko la Waislamu, na imepokewa kwamba watu wakikhitilafiana juu ya upana wa njia basi ifanywe dhiraa saba, ili mnyama na mzigo wake apite. Ulipojengwa mji wa Kufa, katika mwaka wa 17 wa Hijra (638), Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliamuru, kama alivyopokea At-Tabari, kwamba njia kuu ziwe za dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro visipungue dhiraa saba. Yaani njia zilipimwa kwanza, watu wakajenga baadaye. Leo katika mitaa yetu mingi mambo ni kinyume: watu hujenga kwanza, kisha gari la wagonjwa au la kuzima moto likija lakosa pa kupita.

Kadhalika wanazuoni walioandika juu ya kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa soko na mji, hawakuliacha jambo hili. Sheikh Ash-Shayzari, katika karne ya 6 ya Hijra, amewataka wenye kazi za moto, kama waokaji mikate na wahunzi, watengwe mbali na wauza manukato na wauza nguo. Sababu yake haikuwa kwamba mhunzi ni mtu duni. Sababu ni kwamba cheche na moshi huharibu mali ya mwenziwe. Na huko Tunis, katika karne ya 8 ya Hijra, alikuwako fundi mwashi, Ibn Ar-Rami, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kutazama kuta, mifereji na majiko yaliyogombaniwa, naye akayakusanya hayo katika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo. Wanazuoni wa Kimaliki aliowafuata waliyapanga madhara kwa aina zake: moshi, harufu mbaya, kishindo kitikisacho kuta, na wakauliza pia ni nani aliyetangulia mahali pale, mwenye kiwanda au mwenye nyumba.

Hapa ni lazima tuseme kweli yote, wala tusichague yale yanayotupendeza. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafii, na katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni 1277), kitabu kinachosomwa katika darsa zetu kwa vizazi na vizazi, yamo maneno ambayo mwenye kiwanda angeyapenda. Humo imesemwa kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu yuajuzu kuifanya nyumba yake iliyo katikati ya makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la uhunzi. Basi je, huu si ushahidi wa yule asemaye "mali ni yangu"?

Twasema: la, kwa yule asomaye mpaka mwisho wa maneno. Ruhusa ile imefungwa kwa mambo mawili. Kwanza, mtu atumie milki yake kwa namna ya ada, na akivuka ada atadhamini alichokiharibu. Pili, ajihadhari na azitie nguvu kuta zake kwa kadiri inayofaa kazi ile. Basi mwenye hamamu alikuwa na uwezo wa kujenga ukuta mnene wa kuzuia joto na maji, na mhunzi alikuwa na uwezo wa kuimarisha msingi wake. Madhara ya zama zile yalionekana kwa macho, yalisikiwa kwa masikio, na ukuta mzuri uliweza kuyazuia. Lakini ni ukuta gani unaozuia vumbi la sumu lisiloonekana, litokalo juu ya dohani na kushuka juu ya mabati, na kutoka mabatini kuingia katika mapipa ya maji ya mvua? Mwenye kuichukua ruhusa na kuliacha sharti amekisoma kitabu nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na jirani yake.

Mfano wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali. Katika mji wetu wa Mombasa, upande wa bara, kiko kijiji cha watu masikini kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilifunguliwa kando yake kiwanda cha kuyeyusha mabetri yaliyokwisha kazi ili kutoa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema hapana kadiri yake ijulikanayo kuwa salama mwilini. Huwadhuru wote, na khasa watoto, kwani huingia katika ubongo ungali ukikua, hupunguza fahamu na uwezo wa kujifunza. Hukaa mifupani miaka mingi, na mama aweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Bibi huyo akaiacha kazi akasimama pamoja na wanakijiji, akatiwa nguvuni, akatishwa, wala hakurudi nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Kisha yakaja mambo ya mahakama. Mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Ardhi na Mazingira hapa Mombasa iliwahukumia wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, na walioamriwa kulipa hawakuwa wenye kiwanda tu, bali pamoja nao vyombo vya Serikali vilivyopaswa kulinda watu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitangua hukumu hiyo. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Basi hesabuni, ndugu zetu: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 17 siku ya hukumu ile ya mwisho. Hukumu yaweza kuamuru fedha. Haiwezi kuamuru risasi itoke mifupani.

Je, lilikosekana nini? Haikukosekana sharia. Ilikuwapo sharia ya mipango ya ardhi ya mwaka 1996, na ilikuwapo sharia ya mazingira ya mwaka 1999 iliyotaka madhara yapimwe kabla kazi kama hiyo haijaanza. Wala haikukosekana elimu, kwani ubaya wa risasi umejulikana tangu zamani. Sisi twaona kilichokosekana ni kuhesabiwa. Wale watu walikuwapo kwa miili yao, kwa watoto wao na kwa moto wa majiko yao. Lakini mbele ya waliotoa ruhusa walikuwa kama hawapo, kwa kuwa waliitwa maskwota, watu wasio na hati. Ramani ilipotazamwa, palionekana pahala patupu.

Na kutoona huku hakukuanza mwaka 2007. Katika mwaka 1913 Serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya afya, kuitazama miji ya Afrika ya Mashariki. Akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wawe na mitaa iliyotengwa, na baina ya Wazungu na wengine uachwe ukanda wa ardhi tupu. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliiacha siasa ya kuwatenga Wazungu na Wahindi mijini, lakini umbo la miji lilikuwa limekwisha anza kukaa. Nairobi, Waafrika waliwekwa upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda, na Wazungu upande wa magharibi penye vilima na miti. Kijiji cha Pangani, walichokikaa Waswahili na Waislamu wa makabila mbali mbali, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakahamishwa, ijapokuwa walikuwa wamejenga nyumba kwa mikono yao.

Tazameni tofauti iliyopo. Muhtasib alitenga moto na nguo. Wakoloni walitenga watu na watu. Yule wa kwanza aliuliza: kazi hii itamdhuru nani? Hawa waliuliza: mtu huyu ni wa rangi gani? Na sasa ambapo bendera ni yetu, kuna khatari tuuache ubaguzi wa rangi kisha tuuweke mahali pake ubaguzi wa mfuko: penye nyumba za thamani panalindwa hata na kelele ya kinu, na penye vibanda pakaletwa taka, moshi na sumu. Ramani ya namna hiyo haijaondoa madhara. Imeyahamisha tu, ikayapeleka kwa yule asiyeweza kupiga kelele zikasikika.

Basi tulirudie suala letu. Jirani ni nani? Wanazuoni wamekhitilafiana. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba mwenye kusikia wito ni jirani. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba ujirani ni nyumba 40 kila upande, na ndivyo alivyosema Al-Awzai. Wengine wakasema ni yule mnayesali naye Alfajiri msikiti mmoja. Zipimeni kauli hizi zote: hamtakuta hata moja iliyouliza kama jirani ana hati ya ardhi, au amepanga, au amejenga kwa udongo. Wala haikuulizwa dini yake, kwani Abdallah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza na kukariri: je, mmempelekea jirani yetu Myahudi? Basi ikiwa nyama imevuka mpaka wa dini, itakuwaje sumu ihalalike kwa sababu ya karatasi? Sisi twasema katika jambo hili la ardhi ya mji: jirani yako ni kila anayefikiwa na madhara yako. Moshi wako ukifika nyumba ya 100, basi nyumba ya 100 ina haki ya jirani juu yako.

Tutaambiwa: "Viwanda huleta kazi, na watu wana njaa." Ni kweli, wala hatusemi mji ukae bila viwanda. Mtu hula kwa jasho lake, na mji usio na kazi ni mji wa wezi na waombaji. Lakini twauliza: kazi ya baba itakuwa na baraka gani ikiwa mshahara wake wote hauwezi kuirudisha akili ya mwanawe? Na kwa nini faida ya kiwanda iwe ya watu wachache walio mbali nacho, na madhara yake yawe ya walio karibu? Kanuni ya mafakihi ni kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta maslaha. Kiwanda kina mahali pake: mbali na makazi, penye upepo na maji yasiyowarudia watu, na gharama ya umbali huo aichukue mwenye kupata faida.

Tutaambiwa pia na wengine: "Basi kila kazi na itolewe katika mitaa ya kukaa, tupate usafi." Hapa napo tujihadhari, kwani kuna ramani zinazodhulumu kwa kupenda usafi. Miji ya pwani tangu zamani imechanganya nyumba, msikiti, chuo na duka. Mama anayekaanga mahamri mlangoni pake Alfajiri, fundi wa cherehani barazani, mwalimu anayefundisha watoto Kurani chumba cha mbele, hawa ni uhai wa mtaa. Mjane akiambiwa biashara yake ni haramu kwa sababu ramani imesema "makazi tu", na hana nauli ya kwenda sokoni kila siku, huyo hakupangiwa mji; amefukuzwa kwa adabu. Mizani ni ile ile moja: si jina la kazi, ila ni madhara yake. Moshi wa karai la mahamri ni ada ya mtaa, majirani huustahamili na wengine huufuata. Moshi wa risasi hauna ada mahali popote. Na kati ya hayo mawili yako mambo ya kutazamwa kwa insafu, kama gereji ya magari, kinu cha kusaga, na bomba la muziki la arusi lisilokoma usiku kucha: haya yana saa zake, mipaka yake na masikizano yake.

Sasa, ni lipi litupasalo? Kwa upande wa sharia ya nchi mlango uko. Sharia ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 imeweka mipango hii mikononi mwa kaunti, na imempa mtu mwenye kuhusika, asiporidhika na ruhusa iliyotolewa, siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo, kisha mbele ya Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Lakini siku 14 ni chache, na tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja hubandikwa likanyeshewa na mvua, au huchapishwa katika gazeti asilolinunua mtu wa mtaani, tena kwa Kiingereza cha mawakili. Kwa hiyo twawausia wazee wa mitaa na maimamu: khabari za viwanja na zisomwe mbele ya watu baada ya sala kama zinavyosomwa khabari za mazishi, kwani baadhi ya matangazo hayo ni khabari za mazishi zilizotangulia. Na vijana wetu waliosoma upimaji na sharia, hii ni zaka ya elimu yao: wakae na watu, wawafasirie.

Na kwa upande wa nafsi zetu, maneno ni makali zaidi. Ni wepesi kuilaumu Serikali; lakini ghala ya sumu haipangishwi na Serikali peke yake. Iko mikononi mwa mwenye kiwanja ambaye huletewa kodi mara tatu ya ile ya nyumba, akanyamaza asiulize mpangaji atafanya kazi gani. Wengine katika wenye viwanja hivyo ni sisi, tunaosali safu ya mbele. Tunaona haya kula riba, na ni wajibu wetu kuona haya; je, kodi inayotokana na mapafu ya mtoto wa jirani ina utamu gani? Mwenye kiwanja, kabla hujatia sahihi, nenda ukasimame upande wa pili wa ukuta wako. Tazama ni nani anayekaa pale, anateka maji wapi, watoto wake wanacheza wapi. Ukiweza kumwambia kwa kinywa chako jambo unalotaka kulifanya, naye akalielewa, basi tia sahihi. Na ukiona haya kumwambia, jua kwamba hukumu umekwisha itoa mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu ajaalie mitaa yetu iwe ya amani, na majirani zetu wawe salama na shari zetu kabla ya sisi kutaka kuwa salama na shari zao. Wabillahi tawfik.